Karatasi ya Pili

Bibi Jicho aliinua karatasi yangu akaielekeza dirishani, na mwanga ukapita pale nilipofuta. Chini ya neno "Hakuna", maandishi yangu ya penseli yalikuwa bado yanasomeka.

"Viwili," alisoma polepole. "Uliona vimelea viwili vya malaria."

"Niliviona, mama."

Nilikuwa na miezi sita kazini, na shahada yangu bado imo ndani ya bahasha. Maabara ya kliniki ile ilikuwa chumba kimoja chenye sinki, hadubini moja na stuli mbili. Kila kioo chenye tone la damu ya mgonjwa tulikisoma mara mbili, yeye kwanza, mimi baadaye. Kila mmoja aliandika alichoona kwenye karatasi yake, akaigeuza kifudifudi ili mwenzake asiione. Majibu yakitofautiana, kioo kilisomwa upya.

Jina la Bibi Jicho alipewa na wauguzi, maana kwa miaka thelathini hakuna kilichompita. Kila asubuhi alinichokoza: "Msomi wetu, macho umekuja nayo leo, au umeyaacha kwenye cheti?" Nilicheka, kisha tukanyamaza mpaka saa ya kufunga.

Nilipanga chumba nyuma ya gereji. Chakula nilikula nimesimama, kwa sababu nikikaa, ule ukimya nao ulikuja kukaa mezani. Kisha nilifungua Biblia aliyonipa baba. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amepigia mstari agizo la mtume, kwamba kila mtu amhesabu mwenzake kuwa bora kuliko yeye. Nililishika agizo hilo kama mgeni anavyoshika anwani.

Kwa hiyo, kila Bibi Jicho alipokwenda kunawa mikono, niliinua pembe ya karatasi yake. Tukiwa tumetofautiana, nilifuta jibu langu nikaandika lake. Mimi ni nani hata nimpinge mtu aliyeanza kusoma damu kabla sijazaliwa? Moyo wangu ulitulia. Utulivu huo niliuita unyenyekevu.

Halafu akaja fundi viatu wa pale langoni, ana homa. Karatasi zetu zote mbili zilisema hakuna, akarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Siku ya nne dada yake alimleta kwenye mkokoteni, hajitambui. Ndipo Bibi Jicho alipofungua faili na kuitoa karatasi yangu.

"Kwa nini ulifuta?"

"Sikutaka kujiona, mama. Imeandikwa tujishushe."

Alivua miwani. "Hiyo Biblia nami ninayo. Humo humo imeandikwa kwamba umeumbwa kwa namna ya ajabu. Ukurasa huo uliuruka?"

Nilingoja anifukuze. Badala yake aliketi kwenye stuli yangu, si yake, akaweka mikono mapajani.

"Macho yangu yalianza kunitupa mkono mwaka jana," alisema. "Nilishuku. Lakini kila siku ulikubaliana nami, nikasema, kumbe bado naona." Aliirudisha karatasi kwenye faili. "Nilidhani tuko wawili humu ndani, mwanangu."

Fundi viatu alipona, ingawa mpaka leo mkono wake wa kushoto hutetemeka anaposhika sindano. Nikipita langoni hunisalimia kwa bashasha, na mimi huharakisha. Bibi Jicho alizipeleka zile karatasi kwa mganga mkuu yeye mwenyewe, akastaafu mwisho wa mwezi. Mimi nilipewa onyo, na hadubini.

Mtu wa kushika nafasi yake bado hajapatikana. Ule mstari wa baba nimeurudia mara nyingi, na bado ninauamini. Ila siku hizi naona kwamba mtume hakusema mwenzako umwache peke yake.

Asubuhi nasoma kioo cha kwanza, naandika nilichoona kwa kalamu ya wino. Kisha naigeuza karatasi kifudifudi, naisogeza upande wa stuli tupu, na kwenda kunawa mikono.