Risasi ya Mtu Mmoja

Walimwita Futikamba kwa sababu alipima viwanja vya watu kwa miaka thelathini na moja, na hata baada ya kustaafu hakuweza kuingia chumbani bila kukikadiria kwa macho. Siku aliyofika kwenye karakana ya fundi bunduki alisimama mlangoni, akazungusha macho ukutani, akasema, "Mita nne na nusu kwa sita."

"Nne na sentimita arobaini," fundi akamjibu bila kuinua kichwa. "Karibu, mzee wangu."

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, aproni ya ngozi kifuani, miwani kaipandisha kwenye nywele. Mbele yake mtutu ulikuwa umebanwa kwenye jiliwa, na chumba kizima kilinuka mafuta ya mashine. Futikamba akavuta kiti, akaeleza haja yake. Kibali cha kuwinda mbuzi mwitu wa milimani alikuwa nacho. Alichotaka ni bunduki nyepesi, maana magoti yalikuwa yanalalamika kila mwinuko. Tena iwe inafika mbali, kwa kuwa mbuzi mwitu hamngoji mzee apande.

"Mbali kiasi gani?"

"Mita mia nne. Hewa ikitulia, hata mia tano."

Fundi akafungua droo, akasimamisha risasi mbili mezani. Zilikuwa fupi na nene, moja ikiwa na kichwa kinene kuliko ya pili.

"Zote mbili ni magnamu fupi," akasema. "Ganda limejaa kama mtu mfupi aliyeshiba. Baruti ni nyingi, lakini kwa kuwa ganda ni fupi, mtambo wa bunduki nao unakuwa mfupi, na uzito unapungua. Sasa, hii ya milimita saba na ushei ina kichwa kizito. Inampiga mnyama kama nyundo, na wewe inakupiga teke begani. Hii ya sita na nusu kichwa chake ni chembamba, upepo hauisumbui sana, na teke lake lina adabu."

"Bega langu bado ni zima."

"Sisemi bega tu. Bunduki ya kilo tatu ukiitia magnamu nzito, inaruka. Ukifyatua, unaona mawingu badala ya mnyama. Lazima awepo mtu wa pili kwenye darubini, akwambie risasi imekwenda wapi. Unawinda na nani?"

Futikamba akaishika ile risasi yenye kichwa kinene.

Miaka ishirini na sita aliwinda na kaka yake, dereva wa treni, mtu mwenye macho makali na mdomo usiopumzika. Kaka ndiye aliyebeba darubini. Walilala juu ya mawe bega kwa bega, bunduki ikilia tu, kaka ameshasema: "Chini, kiganja kimoja." Au: "Huyo chali! Twende." Mwaka uliopita kiharusi kilimpiga upande wa kulia, kikaondoka na maneno yake yote. Sasa alikaa kwa binti yake, mitaa mitatu tu kutoka kwa Futikamba, na Futikamba hakuwa amekanyaga pale kwa miezi mitano. Alikwenda mara nne za mwanzo. Kila mara kaka alimkazia macho, midomo ikihangaika kutafuta neno, naye aliaga kabla hajakaa vizuri.

"Nawinda na kaka yangu," akasema.

"Basi kama mko wawili, chagua unayoipenda."

Akachagua ile nzito. Kaka sikuzote alisema mnyama apigwe risasi ya kummaliza, asiende kuteseka vichakani.

Bunduki ilipokamilika walikwenda kuijaribu kwenye uwanja wa shabaha. Fundi mwenyewe alikaa kwenye darubini. "Ndani," alisema baada ya risasi ya kwanza. "Ndani tena. Hii imegusa ukingo wa kulia." Futikamba alirudi nyumbani bega likimuuma na moyo mweupe. Alikuwa anaishi peke yake tangu mkewe alipomwacha zamani za ujana, na kwa kawaida aliwasha redio jikoni na nyingine chumbani ili nyumba isipoe. Siku ile alisahau kuziwasha.

Wiki iliyofuata alipanda mlimani peke yake. Siku ya pili, jua likiwa limeshapanda, alimwona dume amesimama ubavu kwenye mwamba. Akapima: mita mia tatu na themanini. Akalala kifudifudi, akashusha pumzi, akavuta kifyatuo.

Teke lilimjia, lenzi ya bunduki ikaruka, akaona mbingu. Aliporudisha jicho, mwamba ulikuwa mtupu.

Akabaki amelala pale, masikio yakivuma, akijikuta anangoja. Ilipita muda kabla hajajua kuwa anangoja sauti.

Hakujua kama amepiga juu, chini au palepale. Hakujua hata mnyama kakimbilia upande gani. Alitumia zaidi ya saa moja kuvuka bonde, na kwenye mwamba akakuta manyoya machache na tone la damu lililochanganyika na majani aliyokula mnyama. Tumbo. Kwa mwindaji hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Alifuata damu mchana kutwa, akapoteza njia mara mbili, akalala kwenye pango kwa biskuti na maji. Asubuhi alimkuta dume amelala chini ya kichaka, kichwa juu, macho wazi, bado anahema. Akammaliza kwa risasi akiwa umbali wa hatua kumi. Kisha akakaa chini kando yake, akalia kama mtoto aliyenyimwa, na kwa kuwa hakukuwa na wa kumsikia, hakujizuia.

Siku tatu baadaye akaiweka bunduki juu ya meza ya fundi.

"Nilikudanganya," akasema. "Sina wa darubini. Kaka yangu yu hai, lakini hawezi kusema wala kusimama."

Akamweleza yote, pamoja na lile tumbo. Fundi akavua glavu polepole.

"Mzee wangu, samahani kwa neno, lakini mficha uchi hazai. Ungeniambia siku ile ile."

"Ningeanzia wapi, binti? Kumwambia mtu kwamba huna mtu ni kama kuvua shati barabarani."

Fundi hakucheka. Akaifungua bunduki, akatoa mtambo, akautazama kwenye mwanga. "Kitako cha ganda ni kilekile kwa zote mbili, kwa hiyo mtambo unabaki. Nabadilisha mtutu tu. Hii ya sita na nusu haitakurusha. Utabaki ndani ya lenzi na utaona mwenyewe." Akaurudisha mtambo mezani. "Mtutu ninaweza kukubadilishia. Kaka, sina."

Msimu uliofuata alipanda tena. Mita mia tatu na arobaini, dume mzee mwenye pembe moja iliyovunjika. Bunduki ilimsukuma, haikumtupa. Ndani ya lenzi aliona manyoya ya bega yakitikisika, magoti ya mbele yakikunjika, mnyama akilala palepale. Aliona kila kitu. Akageuka kushoto kusema, na kushoto palikuwa na jiwe.

Alirudi na nyama, akapitia moja kwa moja kwa binti wa kaka yake. Binti alifungua mlango, akashika kiuno.

"Baba mdogo! Tukadhani umehama mji."

"Nilihama kidogo, mwanangu. Nisamehe."

Kaka alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amepungua, shingo imekuwa ndogo ndani ya kola. Macho yalimkazia vilevile. Futikamba akavuta stuli, akaketi mbele yake, akaanza kumsimulia: mwinuko wa kwanza, upepo ulivyokuwa unatoka kushoto, ile pembe iliyovunjika. Midomo ya kaka ikahangaika. Safari hii Futikamba akangoja, dakika nzima, pengine mbili. Neno halikuja. Akaendelea na hadithi.

Alipofika kwenye kufyatua, kaka alikuwa ameshasinzia, kidevu kifuani. Jikoni binti alikuwa anakatakata nyama na kuuliza kama aweke na vitunguu. Futikamba akamjibu aweke, kisha akaimalizia hadithi yake kwa sauti ya chini, mpaka mwisho.