Ndimu Huja Mwisho

Mafuta yalikuwa yameanza kulia kikaangoni niliposikia gari likisimama nje ya ua wangu. Sikugeuka. Samaki huyu hamsubiri mtu. Ngege akishapasuliwa, akakaushwa kwa kitambaa na kupakwa chumvi na pilipili, unamlaza upande wa ngozi juu ya moto mkali, na ndani ya dakika kumi ama umepika au umeharibu. Kiangazi kilikuwa kimeanza. Nyumba za mabati za Nakivale, makazi yetu ya wakimbizi, zilikuwa zimemeza joto la mchana kutwa, na kijiji kizima kilikuwa kimehamishia majiko nje. Nikasikia fimbo ikigonga udongo, kisha sauti ambayo kwa miezi mitano nilikuwa nikigombana nayo kichwani.

"Mama Prudence. Ni mimi."

Mama Kulusumu, mamake Twaibu aliyekuwa bosi wangu. Alikuwa amejifunga shela jeupe, amekonda.

Nilimgeuza samaki kwanza.

Kwa Twaibu nilipika mwaka mmoja na nusu. Alikuwa na hoteli ya chakula Ruti, pale Mbarara, kando ya barabara ya Kabale. Nilikuwa nalala kulekule siku za kazi, na Jumamosi narudi Nakivale kwa binti yangu Prudence, ambaye dada yangu alikuwa akimtunza. Nilipoanza, hoteli ile ilijulikana kwa pilau tu. Mimi ndiye niliyewaonyesha samaki wa kwetu Rumonge, kama mama alivyokuwa akimpika kando ya Ziwa Tanganyika jioni za joto, wakati hakuna mtu anayetaka kukaa na sufuria. Kitunguu saumu kidogo, maji ya chungwa moja, halafu, kikaango kikishatoka motoni, ndimu. "Ndimu huja mwisho," mama alikuwa akisema. "Ukiitanguliza, samaki anakakamaa."

Mama Kulusumu alikuwa na sukari, na joto lilimkatia hamu. Matoke alikuwa akiyasukuma kando, na wali pia. Basi kila jioni alikuja kukaa kwenye benchi la jikoni, nikamkaangia kipande chake. Alikula kwa vidole, polepole, akitenga miiba ukingoni mwa sahani. "Binti yangu," alikuwa akiniita. Na mimi nilimwamini. Nilimsimulia jinsi tulivyovuka mpaka, na jinsi nilivyomzika mume wangu mahali ambapo leo siwezi kupaonyesha. Hata dada yangu sijamweleza yote yale.

Kisha umeme ukakatika siku mbili. Siku ya tatu nikafungua friji ya samaki, na harufu ikanirudisha nyuma.

"Hawa ni wa kutupa," nikamwambia Twaibu.

"Kutupa? Leo iko na wageni, walimu sita. Wewe pika tu. Weka ndimu mingi, harufu itatoka."

"Ndimu haifufui samaki, bosi. Mimi siwapiki."

"Basi toka hapo!"

Akaninyang'anya kikaango, akapika mwenyewe, akakamua ndimu tangu mwanzo hadi mwisho kama mtu anayezima moto. Mama Kulusumu alikuwa kwenye benchi lake, ameziba pua kwa shela. Aliona yote. Alisikia yote.

Kufikia asubuhi walimu wote sita walikuwa wakitapika. Mmoja alikuwa mjamzito, na hospitalini alikaa siku nne. Polisi walipokuja, Twaibu hakupoteza muda. Alininyooshea kidole mbele ya watu wote.

"Ni huyu. Hawa wakimbizi banapika samaki mbichi na ndimu. Mimi nilimwambia, akakataa kusikia."

Nikamgeukia mamake. "Mama, si ulikuwepo? Waambie."

Aliangalia tasbihi yake. "Mimi ni mzee," akasema. "Macho yangu hayaoni vizuri."

Macho yaleyale yaliyouona mwiba kabla ulimi haujaugusa!

Nilikaa mahabusu siku mbili. Siku ya tatu wakafungua mlango wakaniambia niende. Walimu walikuwa wamepona, kesi haikuandikwa, na hakuna aliyenieleza kitu. Nilidhani aibu yangu itabaki Mbarara, kumbe ilinitangulia nyumbani. Niliweka jiko kando ya njia, nikakaanga samaki wabichi wa ziwani waliotoka majini siku ileile, nao wakapoa mbele yangu. Byamungu, jirani Mkongomani anayetengeneza baiskeli, alikuja kuniambia huku akitazama miguu yake.

"Banasemaka samaki yako inauaka batu, Mama Prudence. Miye sisemi ni kweli."

Lakini hakununua. Na shuleni binti yangu wa miaka kumi na mmoja alikuwa amepewa jina jipya. Walimwita Sumu. Nililijua siku nilipolikuta limeandikwa juu ya daftari lake, naye amelikwangua kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Sasa mwanamke huyu alikuwa amesimama uani kwangu.

"Wiki kesho naenda Makka," akasema kwa sauti ya chini. "Watoto wamenilipia. Siwezi kwenda Hija na dhuluma yako. Naomba unisamehe."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Kumbe ndiyo maana alikuja. Alikuwa akifunga mizigo, akakuta mmoja umebaki.

"Kule Ruti ulikosa sauti," nikasema. "Hapa umekuja kuninong'oneza?"

"Twaibu ni mwanangu."

"Na mimi uliniita nani?"

Nje ya ua watu walikuwa wameshaanza kusogea, maana gari la mjini halipiti kimya kwetu. Byamungu alikuwepo, na spana mkononi. Nikaonyesha njia kwa kijiko.

"Waambie hao."

Alinitazama akitumaini nitapunguza. Sikupunguza. Akajikokota hadi langoni.

"Huyu mama hana makosa," akasema. "Samaki ilikuwa imeoza. Yeye alikataa kupika. Mtoto wangu ndiye alipika. Mimi niliona, nikanyamaza."

"Ongeza sauti, mama," Byamungu akasema. "Ba nyuma habasikie."

Akarudia. Nikamwita Prudence atoke ndani, nikamwambia mzee arudie tena, mwanangu asikie. Sauti ilimkatika katikati, akaanza upya, machozi yakishuka hadi kidevuni. Najua wapo watakaosema ulikuwa ukatili kumsimamisha bibi wa miaka sabini vile. Waseme. Nilimwacha amalize.

Nikaepua kikaango, nikakamua ndimu, nikamwekea sahani kigodani. Mgeni wangu halali njaa. Akasema bismillahi, akala mbele ya macho yote yale, akitenga miiba ukingoni.

"Na wewe?" akaniuliza, akiisogeza sahani katikati yetu.

"Sina njaa."

Nilikuwa sijala tangu asubuhi, na nadhani alijua. Aliirudisha sahani upande wake.

Alipoinuka kwenda garini aliniuliza kama nimemsamehe.

"Nenda salama, Mama," nikamwambia. "Ukirudi, uje uniulize tena."

Kesho yake samaki waliisha kabla giza halijaingia. Byamungu alikuwa wa kwanza, akachukua wawili, akasifu kwa sauti kubwa ili wote wasikie. Niliwahudumia mmoja mmoja, watu walewale walionipita miezi mitano wakiangalia ng'ambo ya njia. Walisema ni mtamu. Hakuna aliyesema pole. Shuleni Prudence amerudi kuwa Prudence, ingawa daftari lile amekataa nilitupe.

Mama Kulusumu alirudi salama kutoka Makka. Nilisikia kwa watu wa Ruti; kwangu hajafika. Twaibu bado anauza samaki. Mimi bado nina hasira, na sijaona sababu ya kuharakisha kuiacha.