Gurudumu Lisilokunjika

Kibao nilikiandika mimi: Ndege ya kivita, toleo la tatu. Nilikuwa nimehesabu mabomba ya moshi puani mwake, sita kila upande, nikalinganisha na kitabu cha kiwanda, nikajipongeza. Ulikuwa mwezi wangu wa pili kazini makumbusho.

Asubuhi ya kukifunga kibao akaja mama mmoja mshonaji, sindano zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni. Akakisoma mara mbili.

"Mwanangu, toleo la tatu lilianza kutengenezwa lini?"

Nikamtajia mwaka.

"Basi baba yangu alikuwa mwongo," akasema taratibu. "Mwaka huo alishaacha jeshi. Maisha yake yote alituambia ndege iliyobaki kwenye uwanja wa jeshi alikokuwa fundi, hii mliyoileta hapa, aliitia kiraka yeye. Kaka zangu walimwita Rubani wa Sebuleni. Mimi tu ndiye niliyemwamini."

Nikamwita fundi wetu wa bati, dada mmoja tunayemwita Macho Manne kwa ajili ya miwani yake. Akaja akijifuta grisi.

"Umehesabu mabomba, msomi?"

"Sita sita."

"Mabomba huja na injini, na injini hubadilishwa kama viatu. Ukimwona mtu ana viatu vipya utasema kazaliwa jana?" Akamgeukia mgeni. "Shikamoo, mama. Baba alisema nini kuhusu mkia?"

"Marahaba. Alisema gurudumu la nyuma halikunjiki. Linabaki nje angani, limening'inia kama mguu wa kuku."

Macho Manne akacheka kwa furaha, akajilaza chali chini ya mkia. "Toleo la tatu hukunja gurudumu hili, kisha vijilango viwili hulifunika. Vijilango viko wapi?"

"Labda vilizibwa," nikasema, bado nakitetea kibao changu.

"Hapo umesema la maana. Kumbe chuo hukuenda kutembea tu."

Akafungua kifuniko cha ubavuni, akaingiza mkono mpaka begani, akafumba macho. Sijawahi kuona mtu akisoma vile. Vidole vilitambaa gizani, vikasimama, vikarudi.

"Hakuna bawaba. Hakuna tundu la bawaba, wala fremu ya kushika mlango. Mkia huu ni wa toleo la pili tangu siku ya kwanza. Mzee hakudanganya, mama."

Mshonaji akashika ncha ya bawa. "Na kiraka?"

Kilikuwa chini ya bawa la kushoto, kikubwa kama kiganja. Aliinama, akapima kwa kucha nafasi kati ya ribiti na ribiti, ile misumari ya kukaza bati, kama anavyopima mshono.

"Zimelingana," akanong'ona. "Ni mkono wake?"

Nilitamani Macho Manne aseme ndiyo.

"Hilo sijui, mama. Bati na ribiti ni za siku zile. Aliyezipiga hakuweka sahihi."

Mama akajiinua. "Inatosha. Nipigeni picha hapa hapa. Kaka zangu leo watanisikia."

Nilikitupa kibao cha kwanza. Kipya kinasema: Toleo la pili, lenye injini ya toleo la tatu. Chini yake niliongeza mstari mmoja, na Macho Manne akaukagua kwa miwani yake yote kabla ya kunipa bisibisi: Kiraka cha bawa la kushoto, fundi hajathibitishwa. Binti wa fundi mmoja wa uwanja ilikotoka ndege hii anasema ni baba yake.