Madirisha Kumi na Moja ya Ngina

Mimi simpendi mteja asiyejua anachotaka. Nimeshona mapazia hapa Kiganjo kwa miaka kumi na tisa, na si mara moja nimemrudishia mtu kitambaa chake mkononi nikamwambia aende nyumbani akaamue kwanza, mimi si mganga wa kumpigia ramli. Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Mchagua pazia naye, kwa maoni yangu, ni mtu aliyekosa kazi ya kufanya.

Ngina ndiye mteja pekee niliyeshindwa kumfukuza, na sababu ni ndogo tu: kati ya chumba chake na changu kuna ukuta mmoja. Ningemfukuza angeenda wapi? Angekaa kwake nikimsikia akikohoa.

Ploti yetu ina vyumba vilivyopangwa kwa safu mbili, kila mlango na pazia lake. Pazia la mlango kwetu lina lugha, na mpangaji mpya huelezwa hata kabla hajaonyeshwa bomba la maji. Ukilikuta limefungwa fundo, ingia, chai iko, na kama haiko iko njiani. Ukilikuta limeachwa likaanguka, mwenyewe amelala, au ana mgeni wa heshima, au amekasirika na hataki kuonwa. Langu na la Ngina yamefungwa fundo kila siku ifikapo saa kumi, mimi nikishaswali alasiri na yeye akishafunga kibanda chake cha nafaka, kwa miaka kumi na minne. Yeye ni Mkamba wa kanisani, mimi ni binti wa Kiislamu wa Majengo. Ramadhani yeye ndiye hunipikia uji wa kufuturu. Krismasi pilau yake hupikwa na mimi, kwa sababu mkono wa Ngina kwenye pilau ni wa kuhurumiwa.

Sasa Ngina alikuwa amejenga. Mume wake Mulei, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja hapa Thika, alipata kipande cha ardhi Ruiru kupitia chama cha akiba cha kazini, na mwaka baada ya mwaka nyumba ikainuka. Siku ya msingi niliwaombea dua. Siku ya paa nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Lakini ilipobaki kupamba tu, sakafu na kuta na mapazia, furaha yangu ilianza kuingia baridi. Baada ya mapazia hakuna kingine isipokuwa kuhama. Binti yao Kaveke alikuwa ameshapata nafasi katika shule ya Ruiru, muhula ungeanza mwezi wa Mei. Nyumba ilikuwa na madirisha kumi na moja, na yote nilipewa mimi.

Tulienda kuyapima mwezi wa Februari. Ilikuwa nyumba ya kupendeza, siwezi kudanganya. Sauti zetu zilikuwa zikirudi kutoka kwenye kuta tupu, na mlango wa mbele ulikuwa wa mahogani, mpana wa kupitisha kochi bila kulilaza.

"Nyumba njema si mlango," nilimwambia, nikiupapasa, "lakini huu wako, haki ya Mungu, hata ndani pakiwa pabaya mtu atasamehe."

Alicheka. Kisha akatoa kwenye mkoba kipande cha kitambaa cha kijani kilichofifia kidogo, kama jani la nanasi.

"Hii nimeipenda, Mama Tahir," alisema. Tahir ni mwanangu wa kwanza, na ploti nzima huniita hivyo. "Nimeiona tu nikaipenda."

"Ni nzuri," nikasema. Nilikuwa nimeshika futi dirishani. "Lakini hii sebule inapigwa na jua la asubuhi. Kijani hupauka vibaya."

Alikitazama kile kipande, akakirudisha kwenye mkoba.

Wiki iliyofuata akaja na rangi ya damu ya mzee. Nikamwambia sebule itafanana na ukumbi wa harambee. Akaja na kijivu. Nikamwambia toka Juja hadi Githurai hakuna nyumba mpya isiyo na pazia la kijivu, mgeni ataingia kwa jirani akidhani amefika. Akaja na maua makubwa ya manjano, na hapo nilimtazama tu, akayakunja mwenyewe.

Kuta nazo zilikuwa na hadithi yao. Alinionyesha kwenye simu karatasi za kubandika ukutani, zimechorwa mawe.

"Mama Kaveke," nilimwambia, "mmeenda machimboni mkanunua mawe, mkayachonga, mkajenga, mkayafunika na plasta ili yasionekane. Sasa mnataka kubandika picha ya mawe juu ya plasta?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Karatasi za mawe zikaachwa. Za majani nikasema zitabanduka pembeni mvua ya masika ikianza, nazo zikaachwa.

Fundi wa vigae alikuwa Kyengo, mtu mpole ambaye hajui kugombana. Alipanga vigae vitatu sakafuni tuvikanyage kwa miguu mitupu. Cheupe kinachong'aa nikasema Kaveke atateleza avunjike nyonga. Cha kuiga mbao nikasema ni uongo, na mtu hawezi kulala vizuri katika nyumba yenye sakafu ya uongo. Cha tatu, kikavu, cha rangi ya mchanga, sikukipatia kosa, kwa hiyo nikasema ni cha kawaida sana. Kyengo alikusanya vyombo vyake akaenda Kahawa Wendani kutia vigae kwenye hosteli ya wanafunzi. "Mkishaamua mtaniita," alisema. Machi ikaisha bila yeye kuitwa.

Mimi nilikuwa nikilalamika kwa kila mtu. Nilimwambia mume wangu Irshad kwamba Ngina ameshindwa na nyumba yake mwenyewe. Irshad alisema "Mmh," akaendelea kula. Ningeijua vizuri zaidi ile "mmh" ningeiogopa.

Aliyekuja kuniambia ni Mulei. Alifika kibandani kwangu akitoka kazini, akasimama karibu na cherehani huku kofia yake iko mkononi.

"Mama Tahir, niko na neno. Lakini usikasirike."

"Ukianza hivyo nimeshakasirika. Sema."

"Mke wangu alichagua pazia Februari. Akachagua tiles, akachagua wallpaper. Kila kitu alichagua mara moja, na roho safi." Alikuwa akiongea polepole, kama mtu anayeshuka ngazi kwenye giza. "Kisha anakuja kwako. Akitoka hapa hajui tena anataka nini. Sisemi ni kwa ubaya. Lakini mtoto anaingia shule Mei, na nyumba haina hata sakafu."

"Kwani mimi nimemfunga mdomo?" nilimuuliza, na sauti yangu ilisikika hadi kwa muuza mboga. "Nikiulizwa nisiseme? Niseme kila kitu ni kizuri kama wale wa madukani?"

"Hapana," alisema Mulei. "Wewe sema tu ukweli." Akavaa kofia yake akaenda.

Nilishona mshono mmoja mara tatu jioni ile, na mara zote ulienda kombo. Kikulacho ki nguoni mwako. Ngina alikuwa analiwa, na nguoni mwake nilikuwa mimi. Kitambaa cha nanasi hakipauki. Nimekishona kwa watu wawili Kiganjo hiihii, na hadi leo kiko vilevile. Nilikuwa nalijua hilo nikiwa nimesimama pale dirishani na futi yangu, na bado nilisema.

Kesho yake, saa kumi, sikufunga fundo. Niliacha pazia likaanguka. Siku ya pili pia. Katika miaka kumi na minne halijawahi kuanguka siku mbili, hata nilipofiwa na mama yangu. Nilikaa kitandani nikiangalia vivuli vya watu vikipita upande wa pili, kila kimoja kikipunguza mwendo. Kimoja hakikupita. Nilisikia kigoda kikiwekwa chini.

"Mama Tahir," ilikuwa sauti ya Ngina. "Unaumwa ama umekasirika?"

"Nimekasirika."

"Na mimi?"

"Hapana. Na mimi mwenyewe."

"Basi nitangoja hapa. Niko na njugu."

Nikamsikia akimenya. Ningeweza kumwacha amalize mkebe mzima, lakini sikuweza kuendelea kumficha.

"Ile kijani haipauki," nilisema kupitia pazia. "Nilikudanganya. Na kile kigae cha mchanga hakina kosa. Sitaki uhame, Mama Kaveke. Ndiyo shida yangu yote. Nilifikiri usipopata pazia hutahama. Mtu mzima kama mimi!"

Kumenya kulikoma. Nikangoja anitukane, na ningestahili. Badala yake nikasikia anacheka, kile kicheko chake cha kuishiwa pumzi, na ndani yake kilio.

"Woi, Mama Tahir. Kwani unafikiri nilikuwa nakuletea wewe kwa nini? Thika imejaa mafundi wa pazia. Yeyote angeniambia ni nzuri, leta nishone, na ningekuwa nimeshahama." Akapenga kamasi. "Nilijua ukiiangalia utaipatia makosa. Nilikuwa nakuja kutafuta makosa."

Nilishuka kitandani. Nilifungua pazia nikamkuta amekaa kwenye kigoda, maganda ya njugu yamemjaa mapajani, uso umelowa. Tulitazamana tukaona haya kama watoto waliokutwa na sukari mdomoni. Kisha akaufungua mkoba wake. Kipande cha jani la nanasi kilikuwa bado mle ndani, kimekunjwa katikati ya Biblia.

"Kijani," nikasema.

"Kijani. Na tiles?"

"Za mchanga. Ukuta?"

"Rangi tu. Nyeupe ya maziwa."

Miezi miwili ya kubishana ilimalizika kabla chai haijachemka. Nililifunga pazia langu fundo, akaingia.

Nilishona mapazia yale kwa siku kumi na mbili. Nitajisifu, kwa sababu hakuna mwingine atakayenisifu: pindo nilizikunja mara mbili, na marinda niliyapima moja moja. Kila dirisha lilipokamilika nilisikia uchungu, na baada ya uchungu nikasikia fahari, na mwishoni fahari ilikuwa imeongoza kidogo. Kyengo aliacha hosteli yake akaja kutia sakafu. Mwisho wa Aprili lori lilirudi nyuma hadi kwenye lango la ploti.

Kitu cha mwisho Ngina alichotoa chumbani kilikuwa pazia la mlango, lile kuukuu la maua ya bluu ambayo yamebaki kuwa madoa. Nilimwona akilikunja.

"Hilo acha nitumie kupangusia cherehani," nikamwambia. "Mwenye mlango wa mahogani anataka pazia la mlango la nini?"

Alilitia kwenye mfuko wake, akanikumbatia hadi mifupa ikalia, akapanda mbele kando ya Mulei.

Mwezi mzima sikwenda. Tulipigiana simu, lakini simu si kigoda. Niliogopa, na nitasema nilichoogopa. Nyumba za geti zina utaratibu wake. Unapiga simu kwanza, unaulizwa utakuja saa ngapi, unaandaliwa kikombe cha kabatini, na ukiondoka unasindikizwa. Niliogopa kufanywa mgeni na Ngina.

Alhamisi moja nilichoka kuogopa. Nilifunga kibanda mapema, nikaswali alasiri kwenye msikiti mdogo pale Ruiru, nikatembea hadi kwao bila kupiga simu. Mlango mdogo wa geti ulikuwa umeegeshwa tu. Nikaingia, na jambo la kwanza nililofanya ni kukagua madirisha. Kijani kilikuwa kimetulia dhidi ya ukuta mweupe kana kwamba nyumba ilizaliwa nacho. Rinda moja la chumba cha Kaveke lilikuwa limepinda, nikaliweka akilini.

Kisha nikageuka kuutazama mlango. Ule mlango wa mahogani ulikuwa umefunguliwa hadi ukutani, na mahali pake limening'inia pazia kuukuu la maua ya bluu. Lilikuwa fupi kwa mlango ule, lilikuwa jembamba, na katikati lilikuwa limefungwa fundo.

Sikubisha. Niliingia.

"Vua viatu," Ngina alisema kutoka jikoni, bila hata kugeuka. "Hiyo sakafu ulinichagulia wewe."

Chai ilikuwa jikoni, na vikombe viwili vilikuwa mezani, vilevile vya Kiganjo, changu kikiwa kile kilichomeguka mkono.

"Ulijuaje nakuja leo?"

"Sikujua. Nalifunga kila siku saa kumi," alisema, akimimina. "Majirani wa hapa wameniuliza mara mbili kama mlango umeharibika."

Nilikaa. Nilikunywa nusu kikombe, kwa sababu kama ningeongea kabla ya hapo ningelia, na nilikuwa nimekuja na heshima zangu. Kisha nikamwambia ukweli, kwamba lile pazia la mlango haliendani na mengine hata kidogo. Bluu na kijani, maua na yasiyo na maua, fupi, limepauka, linaniharibia kazi yangu yote.

Ngina aliweka birika chini, akanitazama.

"Basi nilibadilishe?"

"Thubutu," nikasema, nikasogeza kikombe aniongeze.