Katoni Chini ya Meza ya Kamusi

Siku ya kipimo cha mwisho, mkuu wa masjala ya hospitali alifika kazini kabla hata ya mfagiaji, saa ya kupimia mbio ikimning'inia shingoni. Saa yenyewe aliiazima kwa bintiye, mkimbiaji wa shule, na tangu aanze kuivaa makarani walimbatiza Mama Dakika. Hakujali. Wamwite watakavyo, leo mambo yameiva.

Alikuwa akitafuta cheti cha uboreshaji wa kazi, na sharti la cheti ni mradi: chukua shughuli moja ya ofisini kwako, ipime, itengeneze, ipime tena, kisha mtathmini aje aone kwa macho yake. Mwaka jana alijaribu akafeli, na chama cha wataalamu hakimpi mtu nafasi ya tatu. Safari hii alilivaa donda ndugu la hospitali nzima, yaani safari ya faili, tangu mgonjwa anapofika dirishani hadi faili lake linapotua mezani kwa daktari. Dakika arobaini na moja! Watu walikuwa wanazeekea kwenye benchi. Mama Dakika akabandika karatasi za rangi kwenye rafu zote, nyekundu kwa moyo, kijani kwa macho, muda ukashuka hadi thelathini na tatu, ukagoma hapo. Kisha, wiki tatu zilizopita, ukaporomoka wenyewe hadi tisa. Siku hiyo alicheza kwenye korido mganga mkuu akimwona, na wala hakuona haya.

Saa mbili asubuhi kukaa kulimshinda. Akaenda rafuni mwenyewe kutoa faili la kwanza, la mama mmoja wa kliniki ya moyo. Mahali pake palikuwa patupu. La pili halikuwepo, la tatu nalo vilevile.

"Unatafuta hili?"

Aliyeuliza ni Kamusi, karani mkongwe kuliko wote, aliyepewa jina hilo kwa sababu namba za wagonjwa zimo kichwani mwake. Alikuwa ameinama chini ya meza. Akasogeza koti lake, na chini ya koti kulikuwa na katoni ya sabuni iliyojaa mafaili, yamepangwa kliniki kwa kliniki.

Kamusi alieleza huku akitazama viatu vyake. Kila jioni wenzake wakishaondoka, yeye huazima daftari la miadi kwa muuguzi, akatoa mafaili ya wote watakaokuja kesho, akayaficha. Kazi ya nusu saa. Asubuhi mgonjwa akitaja jina, yeye huzunguka kidogo nyuma ya rafu, kuzuga, kisha huchomoa katonini.

"Niliona rangi zako zimefika mwisho, mwanangu," alisema. "Nikasema huyu hafeli tena mbele ya macho yangu. Wewe nyamaza tu. Mtathmini akiondoka, narudisha mambo kama zamani."

Mama Dakika alikaa kwenye ngazi ya rafu. Alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja, maana nani mwingine aliwahi kumpenda kiasi cha kuiba namba kwa ajili yake? Na akinyamaza, nani atajua? Lakini alijijua. Hicho cheti, kila akikitazama ukutani, angeona katoni ya sabuni.

Mtathmini aliingia saa nne, mwanamke mfupi mwenye mwavuli mrefu na maneno machache. Kabla hajatoa kalamu, Mama Dakika alimmwagia yote, akamalizia kwamba zile dakika tisa si zake. Mgeni alipiga magoti kwenye katoni, akapekua faili moja moja, akamhoji Kamusi: daftari analipata saa ngapi, asiyekuja kliniki faili lake linarudije, na siku yeye akiumwa nani anafanya. Kwa hilo la mwisho, Kamusi alikiri kuwa hakuna.

"Huyu hakuiba namba," mtathmini alisema akijipangusa magoti. "Kakufanyia mradi, ila kwa kificho. Sasa utoeni hadharani. Wiki moja, afanye karani mwingine, mzee asiguse. Nitarudi kupima."

Kumbe kimya kingi kina mshindo mkuu! Wiki hiyo masjala ilichangamka. Katoni ikapandishwa mezani, muuguzi akaleta daftari saa tisa alasiri bila kuombwa, na karani mgeni kuliko wote akatoa mafaili, huku Kamusi ameikalia mikono yake kweli kweli, mdomo ukimwasha kutaja namba. Mtathmini aliporudi alipima wagonjwa thelathini. Wastani ukawa dakika kumi. Mama Dakika alimkumbatia yeye na mwavuli wake.

Ikabaki fomu. Penye "Aliyebuni njia hii, majina kamili", kalamu ya Mama Dakika ilisimama. Miaka kumi na mmoja wamekaa chumba kimoja, na hata kwenye daftari la mahudhurio mzee huyu husaini Kamusi. Aliona aibu kweli.

"Mzee wangu," alisema taratibu, "jina lako hasa ni nani?"

Kamusi alifunga kifungo cha juu cha shati. Akayataja majina yake yote matatu, na la kati akalitamka herufi kwa herufi, kwa kuwa watu hulikosea. Mama Dakika aliyaandika juu ya jina lake mwenyewe. Mzee akainamia fomu, akasoma kwa kidole.

"Umepatia," alisema. "Sasa nifungulie na faili."