Rufaa ya Mpare

Isack alikufa mwezi Machi, siku chache kabla ya msimu wa besiboli kufunguliwa, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Mpare kakimbia kesi! Mtu wa Usangi, watu walio tayari kuuza ng'ombe ili washinde kesi ya kuku, kaniachia shauri halijahukumiwa akaenda zake.

Mimi naitwa Melkiori, Mchagga wa Kibosho. Mchagga na Mpare ni watani tangu enzi za mababu. Kila Jumamosi nilitoka kwangu Saint Louis Park, huku Marekani, nikavuka Minneapolis na mji pacha wake mpaka Oakdale, kwenda kutukanana na Isack. Wengine wana kwaya, wana vikundi vyao. Mimi nilikuwa na Isack. Mke wangu alishahamia Texas na maisha yake, na kazini ni hai na bai mpaka jioni.

Kesi yetu ilikuwa moja tu: kati ya wachezaji wa besiboli walio hai, bora kuliko wote ni nani? Ilianza tukiwa wanafunzi, tumebanana chumba kimoja kule mtaa wa Phillips, na redio yetu ya mtumba haikushika kitu cha maana zaidi ya mechi za Twins, timu ya hapa Minneapolis. Hatukuelewa lolote. Sheria za mchezo tulizijua kwa kubishana. Isack akamchukua Willie Mays. Mimi nikamchukua Rod Carew, mtu wa Twins, ambaye msimu mmoja aliiba kituo cha nyumbani, yaani alikimbia akafunga pointi bila mpira kupigwa, mara saba.

"Mara saba, Isack! Na ni halali kabisa!"

"Wala sikushangai," akasema. "Mchagga akisikia kuna mchezo unaoruhusu wizi, anauliza anajiunga wapi."

"Na huyo wako? Kacheza hapa Minneapolis majuma machache, kaona baridi, kakimbilia New York!"

Basi ikawa hivyo miaka nenda miaka rudi. Mkewe akipakua makande, tunabishana. Mkewe alipofariki, Isack akayapika mwenyewe, yakaungua, tukabishana. Binti yao Tulia alirudi kuishi na baba yake, asibaki peke yake. Alikuwa akipita sebuleni anatikisa kichwa. Kiswahili anasikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza.

Kisha, Juni kabla Isack hajafa, Willie Mays akafariki. Nilimpigia Isack simu papo hapo.

"Pole na msiba, mtani! Wako kafa, wangu anapumua. Na swali letu ni walio hai. Kesi imekwisha!"

Akaniita kwa cheo cha machifu wetu, kama kawaida yake: "Mangi, nakata rufaa."

"Kwa nani? Kwa yule Mjapani anayerusha na kupiga?"

"Utamsikia siku msimu ujao ukifunguliwa. Punguza kiherehere, hakuna hela zinazogawiwa."

Tangu hapo kila Jumamosi nilimchokoza amtaje. Alicheka tu, huku akikohoa. Mimi nikadhani ni baridi.

Sasa, kwetu msiba wa mtani una kazi yake. Hulii. Unavaa nguo za marehemu, unamwigiza alivyokuwa akitembea, unazuia jeneza lisipite, unamsema mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Na mtani hakasirikiwi, ni mwiko. Isack mwenyewe alishaniahidi kwamba nikitangulia mimi, ataangusha sarafu karibu na jeneza, ahakikishe kweli nimekufa. Halafu mimi nikae kwenye msiba wake kimya kama mgeni? Thubutu!

Ibada ilipokwisha na jeneza likaanza kutolewa, nikajitoma mlangoni na kofia yangu ya Twins kichwani, nikapanua mikono.

"Hapiti mtu hapa! Isack! Ulisema unakata rufaa, mchezaji wako yuko wapi? Mpare mwoga wewe, umeona kesi inakushinda ukaamua kufa!"

Nikangoja. Kwetu, hapo ndipo mtu wa ukoo anainuka na kukujibu, "Tupishe, mwizi wewe!" Watu wanacheka, jeneza linapita, marehemu ameagwa kiume. Nikangoja. Waliobeba jeneza wakatazamana. Wanakwaya, Wakenya wengi wao, wakainamisha vichwa. Watanzania walikuwepo wachache, vijana wa Dar, nao wakajitia kutafuta kitu kwenye simu. Mchungaji, Mmarekani, akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza. Ukoo wa Isack wote ulikuwa Upareni. Kanisa limejaa, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba sasa ni zamu yake kusema. Sijawahi kuwa peke yangu namna ile.

"Mtoeni nje," Tulia akasema kwa Kiingereza. Sauti kavu, kidole kimenielekea mimi.

Mzee mmoja wa kanisa, Wanjohi, akanishika kiwiko taratibu. "Twende tu nje kidogo, mzee. Pole sana." Nikaenda naye bila ubishi.

Nikajifungia kwenye gari, hata hita sikuiwasha. Theluji pale nje ilishachafuka, imebaki vichuguu vyeusi pembeni mwa maegesho. Nikalia, mimi mtani nisiyetakiwa kulia. Haya, Melkiori, nikajiambia, umemtukana marehemu mbele ya mwanawe wa pekee. Mtani huna, na Jumamosi huna pa kwenda. Mtu mzima hovyo!

Kioo kikagongwa. Alikuwa Tulia, na koti lake jeusi, kichwa wazi kwenye baridi ile. Nikashusha kioo haraka.

"Mwanangu, nisamehe. Kule kwetu huwa tuna—"

"Anko, nimefanya sawa?" akauliza. Kwa Kiswahili.

"Sawa nini?"

"Baba alisema utakuja kufanya fujo. Alisema nisikasirike. Alisema, mfukuze wewe, hakuna mtu mwingine wa kumfukuza." Alikuwa akiyatoa maneno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Na kulikuwa na kitu cha kusema. Alinifundisha. Nikaogopa, kikapotea."

"Tupishe, mwizi wewe," nikasema.

"Hicho!" Akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo. Mimi pia. Tukacheka na kulia pale, yeye nje, mimi ndani, kioo kimeshuka.

"Umefanya sawa, mama," nikamwambia. "Sawa kabisa."

Gari lililobeba jeneza likawasha taa. Watu wakaanza kuingia kwenye magari yao. Nilijua hapakuwa mahali pake, lakini roho haikunipa.

"Tulia. Yule mchezaji. Baba alikutajia?"

"Ndiyo."

"Nani?"

Akafuta pua kwa mkono wa koti. Akaliangalia lile gari, kisha akaniangalia mimi.

"Sikuambii," akasema. "Baba alisema nikikuambia, Jumamosi hutakuja tena."