Nafasi ya Mganga Mfawidhi

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa Hospitali ya Wananchi ya Chihanje Jumatatu asubuhi, kwa pini nne. Sijaona Yunusi alilisoma akiwa amesimama, koti lake la kazi likiwa bado mkononi. Hospitali ilihitaji Mganga Mfawidhi. Mwombaji awe na shahada ya udaktari. Atapewa nyumba yenye bafu la ndani, gari, na nyongeza ya mshahara kutoka kwa wafadhili.

Alikuwa ameiongoza hospitali hiyo kwa miaka tisa bila gari wala nyumba. Cheo chake kilikuwa daktari msaidizi. Alisoma utabibu, akafanya kazi Masasi kwao, akarudi chuoni kwa miaka miwili kujifunza upasuaji, kisha akapelekwa Chihanje, mwendo wa saa moja kutoka Newala mjini, mahali ambapo hakuna daktari aliyekubali kwenda. Katika miaka hiyo tisa alifanya operesheni za uzazi mia tatu na kumi na moja. Zote ziliandikwa kwenye rejista, kwa mwandiko wake.

"Limeandikwa nini, Mama Faidha?" aliuliza Bimdogo nyuma yake. Bimdogo ndiye aliyekuwa kiongozi wa wanawake wa zamu ya maji. Ndoo ilikuwa bado kichwani, na haikutikisika alipozungumza.

"Wanatafuta daktari."

"Kwani wewe wamekupoteza?"

"Wanataka mwenye shahada."

"Na nyie Wayao mlivyojisifu kwamba mmesoma!" Bimdogo alicheka. Kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka. "Utafanya nini?"

"Nitaomba."

Sababu ya tangazo ilikuwa sifa. Shirika lililogharimia vifaa vya uzazi katika hospitali ishirini na moja za kusini lilikuwa limezipanga kwa ubora, na Chihanje ikatoka ya kwanza. Katika miaka miwili walizaliwa humo watoto elfu moja mia mbili na wanne, na wakafa akina mama wawili tu. Barua ya pongezi ilisomwa mbele ya wananchi. Wafadhili wakajenga nyumba. Gari likaja. Ndipo bodi ikaona kwamba hospitali ya kwanza haiwezi kuongozwa na msaidizi.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa Mzee Sultani, mkulima wa korosho, mtu aliyezunguka vijijini miaka kumi na miwili nyuma akiwashawishi wakulima wachange ili hospitali ijengwe. Sijaona alimpelekea barua ya maombi mwenyewe, jioni ileile, akamkuta barazani anachambua korosho.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karibu, Mama Faidha. Kaa." Alisoma barua, akaikunja. "Sasa hii ya nini? Unajitafutia aibu. Nafasi yako ipo palepale. Utakuwa msaidizi wa daktari."

"Nani amefanya kazi ya daktari mpaka leo?"

"Wewe. Hakuna anayekataa. Lakini nyakati zimebadilika. Zamani daktari anapangiwa kituo, anakuja huku analia. Siku hizi hospitali za watu binafsi zimeruhusiwa, daktari anachagua. Tukipata mmoja aliyetuchagua sisi, tumwambie kuna mama mwenye cheti amekalia kiti?"

"Mwambieni aje tushindanishwe."

"Una kichwa kigumu."

"Barua imepokelewa saa kumi na moja na robo, Mzee. Naomba utie sahihi kwenye nakala yangu."

Mzee Sultani alitia sahihi.

Mwenye shahada aliyekuja alikuwa mmoja tu, Daktari Fakihi, miaka thelathini na mitatu, kutoka Dar es Salaam. Bodi ilimwalika kukaa wiki moja aione hospitali kabla ya usaili. Sijaona alimtarajia mtu wa majivuno na hakumpata. Fakihi alimwamkia shikamoo siku ya kwanza, akapitia wodi zote bila kuambiwa, akasoma mafaili ya wagonjwa, na aliposhika kisu siku ya pili kumtoa mtu ngiri, Sijaona aliona kwamba mikono ya Fakihi ilikuwa myepesi kuliko yake mwenyewe. Alilikubali hilo kama anavyokubali kipimo cha maabara.

Kosa la Fakihi halikuwa la kisu. Lilikuwa la maji.

Kwenye uwanda ule maji ni ya shida. Bomba la serikali lilitoa maji siku chache kwa mwezi, na mashine ilipoharibika halikutoa kabisa. Kwa hiyo kila asubuhi vitongoji tisa vilivyoizunguka hospitali vilileta wanawake watatu watatu. Walishuka bondeni gizani, wakapanda na ndoo, wakaingia lango la nyuma na kumwaga maji kwenye tangi lililojengwa kando ya wodi ya wazazi. Kisha walikaa ukingoni mwa tangi kupumzika, na Sijaona alikaa nao nusu saa, na daftari mapajani.

Fakihi aliliona jambo hilo siku yake ya kwanza, akaiambia bodi alichojifunza shuleni na ambacho ni kweli: watu ishirini na saba wenye matope miguuni hawafai kupita kila siku kando ya chumba cha kuzalia. Akashauri maji yamwagwe kwenye pipa la lango kuu na mlinzi ayapeleke kwenye tangi kwa mkokoteni. Bodi ilitaka sana kumfurahisha. Kesho yake, Jumanne, lango la nyuma lilifungwa kwa kufuli.

Sijaona aliandika barua ya kurasa mbili kupinga. Nakala moja akampelekea Mzee Sultani, nyingine akaiweka kwenye faili la Fakihi ofisini. Hakuna aliyejibu.

Ijumaa saa nne asubuhi aliletwa msichana aitwaye Anjelina, amefungwa kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne wakikibeba. Alikuwa na uchungu tangu Jumatano. Ilikuwa mimba ya kwanza. Sijaona aliweka kiganja kwenye tumbo lake, na tumbo halikuwa na umbo linalotakiwa.

"Mfuko wa uzazi umechanika," alisema. Hakuwa anazungumza na Anjelina bali na Fakihi, aliyekuwa amesimama upande wa pili wa kitanda. "Unafungua wewe au mimi?"

"Fungua wewe. Mimi nitasaidia."

Walifanya kazi kwa saa mbili na dakika kumi. Mtoto alikuwa amekwisha kufa. Mfuko wa uzazi haukushoneka, wakautoa. Anjelina alibaki hai. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Baadaye walikaa ofisini. Fakihi alikuwa bado amevaa kofia ya chumba cha upasuaji.

"Kitongoji chao kiko mbali?"

"Dakika arobaini kwa miguu."

"Basi kwa nini wamekaa naye siku mbili?"

"Walimsubiri mjomba wake. Huku mtoto wa dada ni wa mjomba, na mwanamke hapelekwi kupasuliwa mpaka mjomba aridhie. Mjomba alikuwa Tandahimba. Alisikia kuna mnunuzi wa korosho anatoa bei nzuri, akaenda na magunia yake."

"Hilo hata wewe ungelizuiaje?"

Sijaona alivuta droo akatoa daftari. Lilikuwa na sehemu tisa, kila kitongoji na sehemu yake. Majina ya wanawake, miezi ya mimba, mwenye miguu iliyovimba, mwenye kimo kifupi, aliyewahi kupoteza mtoto. Mbele ya kila jina kulikuwa na jina la mjomba na tarehe.

"Hizi tarehe ni za nini?"

"Siku niliyokwenda kwa mjomba kuchukua ruhusa yake. Mapema, mtu akiwa hana uchungu wala haraka. Uchungu ukianza, hakuna wa kusubiriwa. Wanamleta."

"Na majina unayapata wapi?"

"Huku mimba haitangazwi, daktari. Mtu haendi kumwambia mwanamume kwamba kwa jirani kuna tumbo. Lakini penye maji pana wanawake tu. Wanamwaga, wanakaa, wananiambia." Alifungua ukurasa wa mwisho. "Anjelina aliolewa upande wa Masasi. Amerudi kwa mama yake Jumanne ili azae. Wanawake watatu wa kitongoji chao wamekuja hapa Jumatano, Alhamisi na leo. Wote walimwona. Wamemwaga maji kwenye pipa mbele ya mlinzi, wakaondoka. Ningeambiwa Jumatano, ningemfuata mjomba Tandahimba siku hiyohiyo. Tangu Jumanne sina hata mstari mmoja."

Fakihi alipitisha kidole kwenye ukurasa mtupu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuandikia. Iko kwenye faili lako, chini ya ratiba ya chakula."

Aliitafuta akaipata. Aliisoma yote, kurasa mbili, Sijaona akijaza rejista. Alipomaliza alisema, "Ungekuwa Dar, wenye hospitali binafsi wangekulipa mara nne ya unacholipwa hapa. Hawaulizi sana shahada, wanaangalia mtu anafanya nini. Naweza kuwaandikia."

"Niliomba nafasi moja," alisema Sijaona. "Sijaambiwa imejazwa."

Usaili ulikuwa Jumatatu. Alfajiri ya siku hiyo Sijaona alichukua msumeno wa chuma kwenye karakana, akaenda lango la nyuma na kulikata kufuli. Ilimchukua dakika kumi na moja. Mlinzi alimwuliza ana kibali cha nani.

"Andika kwamba nimekata mimi. Andika na saa."

Wanawake wakaingia. Mpaka saa moja na nusu daftari lilikuwa na majina manane mapya.

Bodi ilikuwa na wajumbe tisa, wanawake wawili. Fakihi aliingia kwanza, akakaa nusu saa. Sijaona alipoitwa alimkuta bado ameketi pembeni. Hakuambiwa kwa nini.

"Mama Faidha," alianza Mzee Sultani, "tumekuita kwa heshima. Wewe ni mwenzetu. Lakini kabla ya usaili kuna hili la kufuli. Mali ya hospitali."

"Ndiyo. Nimelikata."

"Bodi iliagiza lango lifungwe!"

"Bodi ilikosea. Nimeeleza kwa maandishi, kabla Anjelina hajaletwa. Nakala unayo, Mzee. Mkinipa nafasi hii lango litabaki wazi. Msiponipa, nikiwa bado nafanya kazi hapa, mkilifunga nitakata kufuli tena."

Mjumbe mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mwingine, mwalimu mstaafu, aliinua tangazo. "Swali ni rahisi. Una shahada?"

"Sina."

"Basi."

"Naomba nami niulize, mwalimu. Shirika lilipotupanga wa kwanza, lilihesabu nini?"

Mwalimu alilishusha tangazo mezani.

"Barua yao iko ukutani nyuma yako. Lilihesabu akina mama waliokufa. Halikuhesabu shahada. Kama lingehesabu, tungekuwa wa ishirini na moja." Aliweka rejista mezani, na daftari juu yake. "Tangazo hili mmeliandika ninyi, hamkutumwa na mtu. Mlichokisifia mbele ya wananchi kimo humu. Kisomeni, kisha mniambie ni kipi sikukifanya."

Hakuna aliyegusa daftari. Mzee Sultani alimgeukia Fakihi kama mtu anayeomba msaada. "Daktari, mwambie basi. Umesoma kuliko sisi sote."

"Nimeshawaambia, Mzee," alisema Fakihi. "Mnataka niseme tena mbele yake? Mimi naweza kumpasua mama akishaletwa. Yeye anafanya aletwe. Nilikaa hapa wiki moja, na ushauri wangu wa kwanza ukamtoa msichana mfuko wa uzazi. Jina langu liondoeni. Mimi sitakosa pa kwenda, siku hizi nafasi ni nyingi." Akamwangalia Sijaona. "Na usinishukuru. Sijakupa kitu."

"Sikutaka kukushukuru," alisema Sijaona.

Bodi ilikaa siku nne. Kwa siku hizo nyumba mpya ilikaa bila mtu, na bafu lake bila maji, kwa sababu Bimdogo aliwaambia waliotumwa kwake kwamba zamu ni ya wagonjwa, si ya kuogesha nyumba. Fakihi alikuwa amekwisha kupanda basi la Masasi.

Ijumaa Mzee Sultani alileta barua mwenyewe. Alimkuta Sijaona kando ya tangi, kati ya wanawake, akasimama mbali kidogo, kama inavyompasa mwanamume, mpaka Sijaona alipomfuata.

"Soma," alisema. "Tumebishana sana. Watano kwa wanne."

Barua iliandikwa vizuri kwa mashine. Ilisema kwamba bodi imemteua Bibi Sijaona Yunusi kuwa Kaimu Mganga Mfawidhi, hadi hapo atakapopatikana mwenye sifa.

Sijaona aliisoma mara mbili. Akatoa kalamu mfukoni, ile ya rejista, akaiweka karatasi juu ya kifuniko cha tangi. Alipiga mstari juu ya neno "Kaimu". Akapiga mstari mwingine, mrefu zaidi, kuanzia "hadi hapo" mpaka nukta. Kando ya kila mstari alitia sahihi fupi na tarehe, kama anavyofanya akisahihisha dozi. Kisha akatia sahihi kamili chini.

"Nani amekuruhusu kufanya hivyo?" aliuliza Mzee Sultani.

"Watano."

"Watano walipiga kura kwa barua ilivyoandikwa!"

"Basi irudishe kwao. Waambie wenye sifa wanaotafutwa ni wa sifa ipi, waitaje kwa jina, na mimi nitawaletea rejista tena. Kila mwezi nitawaletea." Alimpa karatasi. "Nakala yangu naihitaji leo."

Mzee Sultani aliishika barua kwa vidole viwili, akaitazama ile mistari. Kutoka kwenye tangi Bimdogo alipaza sauti, "Mzee, ukimaliza kusoma utupishe! Tuna mazungumzo yetu hapa."

Wanawake walicheka. Mzee aliikunja barua, akaitia mfukoni, akaondoka kwa kupitia lango la nyuma, maana ndilo lililokuwa karibu, na lilikuwa wazi.

Sijaona alirudi ukingoni mwa tangi akakaa, akafungua daftari.

"Haya," alisema. "Tulikuwa kwa nani?"